Dole Gumba la Mpishi

Saa mbili na nusu asubuhi Nisreen Mabruki alikuwa tayari amesimama mlangoni pa ofisi ya Kalekye, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Tom Mboya, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Umempata?" aliuliza. Hakusalimu.

"Nimepata kitu," Kalekye alisema huku akifungua kufuli. "Ingia, ukae."

Kalekye alikuwa ametumikia polisi miaka kumi na tisa katika chumba cha alama za vidole kabla ya kuacha kazi na kuanza kufanya upelelezi wake mwenyewe. Alivuta pazia, akawasha taa ya mezani, akatandaza nakala mbili kando kwa kando.

Nakala ya kwanza Nisreen aliijua neno kwa neno, kwa sababu ndiye aliyeileta wiki tatu zilizopita. Ilitoka katika faili ya uhamiaji ya mwaka 1954, faili ya babu yake, Mabruki bin Sufiani, Mngazija, mpishi. Mabruki na mdogo wake Sadiq walikuja Kenya kutoka Ngazija wakiwa vijana, wakapata kazi ya kupika katika nyumba moja ya Wazungu huko Lavington. Sadiq alikuwa na karatasi za kuishi nchini. Mabruki hakuwa nazo. Msako mkubwa wa mwaka ule wa hali ya hatari ulipomnasa Mabruki, afisa mmoja alimwandikia Sadiq barua yenye swali moja: huyu ni nduguyo? Angekubali, Mabruki angerudi jikoni jioni hiyo hiyo.

Jibu lilikuwa la mistari miwili, kwa mwandiko mzuri. *Mimi Sadiq bin Sufiani simjui mtu huyu. Sina ndugu Kenya.* Chini yake, kwa kuwa Sadiq hakujua kuandika, palipigwa dole gumba la kushoto.

Siku sita baadaye Mabruki alipakiwa melini Mombasa. Mwanawe wa miaka mitano alikuwa nje ya lango la bandari, ameshikwa mkono na mama yake. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa baba yake Nisreen. Alikua akifundishwa kwamba baba yake mdogo aliuza damu yake. Alipokuwa mtu mzima aliomba pasi ya kwenda Makka mara tatu, na mara tatu faili ile ile ikatolewa kabatini: mwana wa mgeni aliyefukuzwa, asiye na ndugu nchini. Machi mwaka huu wa 2004 alizikwa bila kuiona Makka.

Siku ya kwanza Kalekye alikuwa amemwuliza Nisreen anataka nini hasa. Jibu alilikumbuka vizuri: "Akiwa hai, nitamsomea barua hii mbele ya wanawe na wajukuu wake. Nataka wamtemee mate. Akiwa amekufa, nitawasomea wao."

Wiki mbili za kwanza zilipotea bure. Makaburini Kariokor palikuwa na Sadiq bin Sufiani aliyezikwa mwaka 1969, na Nisreen alikuwa ameshaanza kuwatafuta watoto wake hadi Kalekye alipogundua kwamba marehemu yule alikuwa fundi cherehani kutoka Lamu. Walirudi mwanzo.

"Hii ya pili," Kalekye alisema sasa, "nimeitoa jana kwenye daftari la ndoa la msikiti mmoja hapa mjini. Mwaka 1957. Bwana harusi ni Sadiq bin Sufiani, Mngazija, mpishi. Bibi harusi ni Mabruka binti Juma. Hapa wameandika anakoishi: Riruta, ploti ya Muigai. Na hapa ameweka dole."

Nisreen aliinama. "Ndiye. Ndiye huyu! Twende."

"Ngoja. Chukua lenzi. Tazama lile la barua."

Nisreen alitazama. Alama ile ilikatwa na mstari mweupe uliopita mshazari kutoka ukucha hadi kwenye kiungo. Mstari wenyewe ulivukwa na mistari mingine midogo mitatu.

"Kovu," Nisreen alisema. "Alijikata. Si mpishi?"

"Nami nilifikiri hivyo. Sasa tazama hili la ndoa, miaka mitatu baadaye."

Lenzi ilihamia upande wa pili. Dole lile lilikuwa safi, duara ndani ya duara, halina hata mkwaruzo.

"Labda lilipona."

"Kidonda hupona. Kovu lililoingia chini hivi halifutiki kwenye dole mpaka mtu aingie kaburini. Nimeangalia madole maelfu, Nisreen. Hapa kuna watu wawili. Ama kuna Sadiq wawili, ama mmoja wao si Sadiq."

"Ama wewe umechoka na kazi yangu," Nisreen alisema. Macho yake yalikuwa makavu. "Mimi nina jina lake na nina anwani. Wanipeleka, ama niende peke yangu?"

Walienda kwa gari la Kalekye. Njiani, pale Adams Arcade, Kalekye aliegesha, akaingia duka la vitabu kununua kidau kipya cha wino, maana kile cha ofisini kilikuwa kimekauka. Aliporudi alishika usukani bila kuwasha gari.

"Huko ndani nitauliza mimi. Wewe utasema nikimaliza."

"Nitajaribu," Nisreen alisema.

Ploti ya Muigai bado iliitwa hivyo hivyo. Ilikuwa safu mbili za vyumba vya mawe zinazotazamana, kamba za nguo katikati, nyuma ya duka la kuuza makaa karibu na Naivasha Road. Mtunza ploti, mwanamume mnene aitwaye Kuria, alikuwa akirekebisha bomba.

"Mzee Sadiq? Yuko, chumba ya mwisho," alisema. "Nyinyi ni watu wake? Mimi nilijua hana watu tangu bibi yake akufe. Huyo hata renti halipi. Mwenye ploti alirithi hapa kwa baba yake, akampea hiyo chumba bure, siku mingi sana. Mzee Muigai ni mtu mzuri, wacha nikuambie. Krismasi anamtumia kuku, Idi anamtumia mchele."

"Mzee Muigai mwenyewe anaishi hapa?"

"Hapa? Aii. Anaishi Lavington."

Mlango wa mwisho ulikuwa wazi. Mzee mwembamba, kofia nyeupe kichwani, alikuwa amekaa kitandani akichagua mchele kwenye sinia. Aliinua uso waliposimama mlangoni. Macho yake yalimpita Kalekye, yakatua kwa Nisreen, na mikono yake ikaacha kazi.

"Wanijua?" Nisreen aliuliza, akisahau ahadi yake.

"Wewe sikujui, mwanangu," mzee alisema polepole. "Lakini uso huo naujua. Ni uso wa kaka'ngu Mabruki."

Kalekye alilisikia jina lile likitoka bila kusitasita. Mtu aliyemkana kaka yake kwa maandishi, akajificha miaka hamsini, hatoi jina la kaka huyo mlangoni kwa mgeni.

Nisreen hakusikia hayo. "Leo ni kaka'ko? Mwaka wa hamsini na nne hakuwa kaka'ko?" Alitoa barua mkobani na kuisoma kwa sauti, neno baada ya neno. "Mwanawe amekufa kwa ajili ya mistari hii. Baba'ngu amekufa! Duka langu liko Biashara Street. Miaka kumi nauza vitambaa pale, nawe uko hapa, wala mchele!"

Mzee Sadiq aliweka sinia chini.

"Mabruki alikamatwa?"

"Usinifanyie hivyo."

"Niliambiwa alirudi kwa hiari yake. Niliambiwa amechoka na Nairobi, kapata meli, kaondoka na mkewe na mwanawe, hakutaka kuagana nami kwa sababu ningelia. Nilingoja barua. Mimi sikupelekewa swali na mtu yeyote."

"Nani alikuambia alirudi kwa hiari?" Kalekye aliuliza.

"Tuliyekuwa naye jikoni."

"Lete mkono wa kushoto, mzee. Sitakuumiza."

Alimpaka wino kwenye dole gumba, akalibingirisha juu ya karatasi, akapeleka karatasi mlangoni penye mwanga. Lilikuwa dole la daftari la ndoa. Lilikuwa limezeeka, mistari imekonda, lakini halikuwa na kovu. Kalekye alimpa Nisreen lenzi. Nisreen alitazama, kisha akakaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu na ukuta.

"Mzee, tazama hili la kwenye barua," Kalekye alisema. "Una wazo lolote ni la nani?"

Sadiq aliisogeza karatasi hadi karibu na pua. Alitumia lenzi vibaya mwanzoni, kisha vizuri. Kidole chake kilifuata mstari mweupe, kikahesabu ile mitatu midogo.

"Hii ni mishono," alisema.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu aliyeshona ni mimi." Alirudisha lenzi kwa uangalifu. "Memsahibu alikuwa na wageni kumi na wawili. Kijana wetu wa kuosha vyombo alifungua mkebe wa siagi kwa kisu, kikamteleza. Damu mpaka kwenye unga. Nilimkalisha kwenye kigoda nikamshona kwa uzi ule tuliokuwa tukifungia kuku kabla ya kumwoka. Mishono mitatu. Mabruki alimshika mabega. Alikuwa amesoma misheni yule kijana. Mimi na Mabruki tulisoma chuoni, Kurani tu, herufi za Kizungu hatukuzijua, basi kila barua iliyokuja jikoni alitusomea yeye. Na kama inahitaji jibu, alijibu yeye."

"Jina lake?"

Sadiq alitazama kuta nne za chumba chake, moja moja.

"Hezekiah Muigai," alisema. "Mwenye nyumba hii."

Akainuka, akachukua koti lililokuwa nyuma ya mlango na kulivaa juu ya kanzu.

"Babu, wewe kaa," Nisreen alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nitakwenda mimi. Wallahi nitakwenda mimi."

"Nikae? Nimekaa miaka hamsini."

Huko Lavington, mlinzi aliyekuwa langoni alipomwona Mzee Sadiq ndani ya gari alifungua mara moja. Mzee Hezekiah Muigai alikuwa kwenye baraza, sweta mabegani, akinywa chai na binti yake Njambi, mama wa makamo aliyevaa suruali ya kazi ya bustani. Hezekiah alisimama kwa furaha.

"Sadiq! Mbona hukuniambia? Ningetuma gari. Njambi, leta vikombe. Na hawa ni nani?"

"Mimi ni Kalekye, mpelelezi. Huyu ni Nisreen, mjukuu wa Mabruki."

Kikombe kilikuwa mkono wa kulia wa Hezekiah. Mkono wa kushoto uliingia mfukoni. Kalekye aliona, na akajua kwamba wino haungehitajika kwa leo.

"Mabruki," Hezekiah alisema. "Siku mingi sana. Karibuni, kaeni."

"Hezekiah," Sadiq alisema, "toa mkono."

"Mkono gani?"

"Ule niliokushona."

Njambi alimtazama baba yake. Hezekiah hakusogea. Sadiq alimsogelea, akauvuta mkono ule kutoka mfukoni bila nguvu nyingi, akaugeuza kiganja juu, akasugua dole gumba kwa dole lake mwenyewe. Kovu lilikuwepo, jeupe, na vidoti sita, vitatu kila upande.

Kalekye aliweka nakala ya barua na lenzi juu ya meza ya chai, mbele ya Njambi. "Mama, soma hii. Kisha linganisha."

Njambi alisoma. Alichukua lenzi. Alipomaliza aliiweka chini na kusema, "Huu ni mwandiko wako, Baba. Hii 'S' ni yako."

"Nyinyi hamjui ile wakati ilikuwa namna gani," Hezekiah alisema. Alikaa. Maneno yalianza kumtoka haraka, kama yaliyokuwa yamepangwa tayari kwa muda mrefu. "Malori yalikuwa hapa Ngong Road. Walikuwa wanabeba Wakikuyu wote, hawaulizi. Mzungu aliniambia yeye atasimamia watu wawili tu wa jikoni, wa tatu atajua mwenyewe. Wa tatu nilikuwa mimi! Halafu Mabruki akashikwa, na hiyo barua ikakuja, na mimi ndiye nikaifungua. Kama angerudi, mimi ningepelekwa kambi. Kaka yangu alipelekwa, hakurudi. Ilikuwa yeye ama mimi."

"Kwa hivyo ukachagua," Nisreen alisema.

"Ningefanya nini, msichana?"

"Ungemsomea mwenye barua."

Hezekiah alimgeukia Sadiq. "Nimekulipa. Mungu anajua. Chumba, chakula, hospitali ya Mabruka, nani aligharamia? Nimekutunza miaka yote hii."

"Hukunitunza," Sadiq alisema. "Ulinichunga."

Kalekye alitoa karatasi mbili za fulskapu, akaandika maelezo kwa ufupi: nani alipokea barua, nani alijibu, dole ni la nani, na kwamba Mabruki na Sadiq walikuwa ndugu wa baba na mama mmoja. Alimsukumia Hezekiah kalamu.

"Nikiweka sahihi, hii karatasi inaenda wapi?"

"Kila mahali," Nisreen alisema. "Kwanza kwenye faili ya babu yangu. Halafu kanisani kwako, kwa kila mzee mwenzako mmoja mmoja. Halafu kule Riruta nitaibandika kwenye lango la ploti, wapangaji wako wasome kuhusu mtu mzuri."

"Njambi, mwambie huyu..."

"Weka sahihi, Baba," Njambi alisema. Alikuwa hamtazami.

Aliweka. Kalekye aliichukua karatasi, lakini hakuikunja. Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua tangu Riruta.

"Mzee Muigai, Mabruki alijua anwani ya nyumba ile ya Lavington. Mtu aliyefukuzwa hanyamazi milele. Na barua zote za jikoni zilipitia kwako. Zilikuja ngapi?"

Hezekiah alitazama bustani.

"Ngapi?"

"Moja, aliandikiwa na karani kwa herufi za Kizungu. Mwaka wa sitini na mbili."

Sadiq aliegemea nguzo ya baraza.

"Iko wapi?"

"Nilichoma. Kama Sadiq angesomewa, angejua."

"Ilisema nini?" Sadiq aliuliza.

"Ilisema..." Hezekiah alijifuta mdomo. "Alisema amekusamehe."

"Mwongo!" Nisreen alikuwa amesimama. "Sasa atuuzia msamaha! Babu yangu alikufa mwaka uliofuata, hatuna mtu wa kumwuliza, na yeye ajua hivyo."

Kalekye alimwinulia mkono. Mwongo aliyekamatwa husema lolote, lakini barua ina mwanzo na mwisho, na mwanzo ni mgumu kubuni. "Ilianzaje? Maneno ya kwanza kabisa."

"Sikuyaelewa mimi. Nilidhani ni matusi. Ilianza, 'Kwako Mkia.'"

Sadiq alitoa sauti ndogo. Alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye ngazi ya baraza, akafunika uso.

"Babu?" Nisreen alipiga magoti kando yake.

"Nilikuwa nikimfuata kila aendako," Sadiq alisema ndani ya viganja vyake. "Kisimani, shambani, chuoni. Wakamwambia, umeota mkia. Hakuna aliyeniita hivyo huku. Hata Mabruka hakujua."

Kwa hivyo barua ilikuwepo. Kalekye alivuta kalamu tena.

"Andika na hilo, dada," Nisreen alisema bila kugeuka. "Andika kwamba aliichoma."

"Malizia," Kalekye alimwambia Hezekiah.

"'Kwako Mkia,'" Hezekiah alisema. "'Lile jibu lako nimelisamehe. Najua walikutisha. Mimi siwezi kurudi. Mke wangu na mwanangu wako Mombasa, Kibokoni, hawana mtu. Waangalie kama wako. Nijibu hata neno moja.' Basi. Ndiyo hiyo tu."

Nisreen hakulia. Alihesabu kitu kwa midomo yake. Mwaka wa sitini na mbili baba yake alikuwa na miaka kumi na mitatu, akibeba maji ya watu Kibokoni, akimlaani kila siku mtu ambaye angeweza kuja kumchukua kwa treni ya usiku mmoja.

Sadiq aliondoa mikono usoni.

"Rudia," alisema.

"Nimekuambia yote, Sadiq."

"Rudia. Tangu 'Kwako'."

Hezekiah akarudia. Alipofika Kibokoni alikosea neno, na Sadiq akamrudisha nyuma.

"Tena."

"Mzee, tafadhali," Njambi alisema. "Baba ana presha."

Nisreen aliinuka, akavuta kiti kimoja cha baraza hadi kwenye mlango wa kuingilia nyumbani, akakaa juu yake, akapanga buibui lake magotini.

"Umesikia ulivyoambiwa," alimwambia Hezekiah.

Chai ilikuwa imepoa. Mlinzi alikuwa amesogea kutoka langoni kusikiliza, na mtunza bustani nyuma yake. Hezekiah Muigai alitazama mlango, akatazama lango, na kuanza upya.

"'Kwako Mkia,'" alisema.

"Kwa sauti," Sadiq alisema.